VITAMINI NA MARADHI YA NJIA YA HEWA: TUTENGANISHE LILILOTHIBITI NA MANENO YA MITAANI

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini, Bariadi, mkoani Simiyu, baada ya swala ya Alasiri)



 

Mada ya leo imetokana na swali ambalo limekuwa likirudiwa mara kwa mara katika darsa zetu: je, ni kweli kwamba vitamini huzuia surua, mafua makali, nimonia na korona? Wapo wanaosema kuwa mwenye vitamini za kutosha hahitaji chanjo wala hospitali. Wapo pia wanaosema kuwa habari ya vitamini ni biashara tupu ya wazungu na haina ukweli wowote. Kauli zote mbili tumezisikia hapa hapa Bariadi, na kauli zote mbili zina madhara, kwa sababu mwisho wake ni mtoto aliyelala kitandani anayepumua kwa shida na mzazi asiyejua afanye nini.

Kwa hiyo tumeona ni vyema tuliangalie jambo hili kwa utulivu, hatua kwa hatua.

KUHAKIKISHA HABARI NI IBADA

Uislamu umetuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, ili tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri hiyo imo katika Suratul Hujurat na wengi wetu tunaihifadhi. Ajabu ni kwamba tunaitumia katika habari za ugomvi na ndoa, lakini habari ya dawa tunaipokea kutoka kwa yeyote mwenye simu na kipaza sauti.

Waislamu waliotutangulia hawakuwa hivyo. Tabibu mkubwa Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, ndiye aliyeandika risala mashuhuri ya kutenganisha ndui na surua, maradhi mawili ambayo watu wa zama zake waliyachanganya. Surua kwa Kiarabu huitwa al-hasba, na mpaka leo risala hiyo inatajwa katika historia ya tiba ulimwenguni. Tabibu huyo huyo, katika kitabu chake kikubwa cha al-Hawi, ameeleza kuwa alipotaka kujua kama kuumika damu kunamfaa mgonjwa mwenye homa ya kichwa, aliwaumika baadhi ya wagonjwa na wengine akawaacha kwa makusudi, ili aone tofauti.

Tuizingatie njia hiyo. Mtu akipewa dawa akapona, hilo peke yake halithibitishi kuwa dawa ndiyo iliyomponya, kwani wagonjwa wengi wa mafua hupona bila ya dawa yoyote. Uthibitisho unakuja pale watu wanaolingana wanapogawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa na jingine lisipewe, kisha wakahesabiwa waliopona na waliokufa. Mizani hii ndiyo tutakayoitumia katika mada hii yote.

SURUA HUANZA KIFUANI

Watu wengi huidhani surua kuwa ni ugonjwa wa ngozi kwa sababu ya vipele vyake. Ukweli ni kwamba surua ni ugonjwa wa virusi unaoingia kwa njia ya hewa. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, virusi hubaki hewani katika chumba hata kwa muda wa saa mbili baada ya yeye kutoka. Huanza kwa homa, mafua, kikohozi na macho mekundu. Vipele huja baadaye. Na mtoto wa surua anapokufa, mara nyingi kinachomuua ni nimonia iliyofuatia, au kuharisha kulikopindukia. Aliyenusurika naye anaweza kubaki kipofu.

Zaidi ya hayo, tafiti zilizochapishwa mwaka 2019 zimeonesha kuwa surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ya mwili. Maradhi ambayo mwili ulikwisha kujifunza kuyashinda, unayasahau. Ndiyo maana mtoto aliyeugua surua huweza kuandamwa na vifua na homa kwa miezi mingi baada ya vipele kwisha.

YALIYOONEKANA MVUMI, DODOMA

Sasa tuje kwenye vitamini. Ndugu zetu, habari hii haikuletwa kwetu kutoka mbali, bali sehemu yake muhimu imetoka katika nchi yetu wenyewe.

Katika hospitali ya Mvumi, karibu na Dodoma, watabibu Barclay, Foster na Sommer waliwachukua watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto 88 walipewa vitamini A kwa wingi pamoja na matibabu ya kawaida. Watoto 92 walipata matibabu ya kawaida peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987 katika jarida la madaktari la Uingereza. Waliopewa vitamini A walikufa 6. Wasiopewa walikufa 12. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa chini ya miaka miwili: waliopewa alikufa 1, wasiopewa walikufa 7.

Jambo jingine lililobainika ni kuwa zaidi ya watoto 9 katika kila 10 walikuwa na kiwango cha chini mno cha vitamini A katika damu zao siku walipopokelewa.

Mwenye kupima kwa insafu atasema: watoto 180 ni wachache, na idadi hiyo peke yake haitoshi kukata shauri. Ni kweli. Lakini Mvumi haikusimama peke yake. Huko London, tabibu Ellison alikwisha kuonesha mwaka 1932, kwa watoto 600 wenye surua, kwamba waliopewa mafuta yenye vitamini A walikufa 11 katika 300, na wasiopewa walikufa 26 katika 300. Utafiti huo ukasahauliwa kwa muda wa nusu karne. Kisha mwaka 1990 yakachapishwa matokeo kutoka Cape Town, Afrika ya Kusini: katika watoto 92 waliopewa vitamini A walikufa 2, na katika 97 wasiopewa walikufa 10. London, Dodoma na Cape Town, kwa nyakati tofauti na watu tofauti, zilitoa ushahidi wa aina moja. Ushahidi wa namna hii ndio unaotuliza moyo.

Tangu mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamekuwa wakielekeza kwamba mtoto mwenye surua apewe vitamini A. Utaratibu ulioenea leo ni dozi mbili, moja siku ya kwanza na nyingine siku ya pili, kwa kipimo kinacholingana na umri wake. Na mwenye dalili za macho huongezewa ya tatu baada ya wiki kadhaa. Dozi hizi hutolewa na mhudumu wa afya, hazinunuliwi sokoni.

Kwa nini vitamini A? Kwa sababu ndiyo inayoutunza utando laini unaofunika macho, koo, mapafu na utumbo. Utando huo ukiwa mzima ni kama ukuta wa nyumba. Vitamini A ikipungua, ukuta hufanya nyufa na maradhi hupenya. Pia askari wa mwili wanaopambana na maradhi wanaihitaji. Surua inapoingia huimaliza akiba hiyo kwa haraka: mtoto hali chakula, anaharisha, na mwili unaitumia zaidi ya kawaida. Mtoto aliyekuwa na akiba ndogo hujikuta hana kitu, na macho yake ndiyo huwa ya kwanza kuonesha. Dalili ya awali ya upungufu huo ni mtoto kutoona vizuri jua linapozama. Katika vitabu vya kale vya tiba, ini la mnyama limetajwa kuwa dawa ya macho yasiyoona usiku. Leo tunajua sababu: ini ndilo ghala la vitamini A.

FAIDA INA MPAKA WAKE

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wakisikia kuwa vitamini A inaokoa katika surua, wanahitimisha kuwa inatibu kila kifua. Lakini ushahidi unasema vingine, na ushahidi huo nao umetoka nyumbani. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto zaidi ya 600 waliolazwa hospitalini Dar es Salaam kwa nimonia ya kawaida. Waliopewa vitamini A hawakupona nimonia ile haraka zaidi ya wasiopewa. Vitamini ni ile ile, nchi ni ile ile, lakini ugonjwa ni mwingine na matokeo ni mengine.

Kwa hiyo mtoto mwenye nimonia anahitaji dawa ya nimonia. Mzazi atakayemnunulia vitamini na kumlaza nyumbani kwa kutarajia kuwa zitamtosha, anacheza na roho ambayo Allah (S.W.) amemkabidhi kama amana.

VITAMINI D NA JUA LETU

Vitamini ya pili inayotajwa sana ni D. Hii ni ya namna yake, kwani mwili huitengeneza wenyewe ngozi inapopigwa na jua. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliopima damu za Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, watu wanaoishi maisha ya asili chini ya jua. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango kinachozidi mbali kile cha watu wengi wa mijini Ulaya. Wahadzabe ni jirani zetu wa bonde la ziwa Eyasi. Jua linalowapiga wao ndilo linalotupiga sisi.

Je, vitamini D hupunguza maradhi ya njia ya hewa? Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 25 yenye watu wapatao 11,000, wakaona faida ndogo, iliyokuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa na upungufu mkubwa na waliopewa kidogo kidogo kila siku au kila wiki. Lakini hesabu hiyo ilipofanywa upya mwaka 2025 kwa majaribio mengi zaidi, faida ilififia hata haikuweza kuthibitika. Na huko Kabul, Afghanistan, watoto wachanga zaidi ya 3,000 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa dozi kubwa ya vitamini D kila baada ya miezi mitatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kuwa nimonia haikupungua.

Baadhi ya watu wameichukua habari ya jua na kuifanya silaha ya kushambulia hijabu. Jawabu letu ni jepesi. Sheria haikumfungia mwanamke gizani. Ndani ya ua wa nyumba yake, mbele ya mumewe na maharimu zake, mikono na miguu yake hupata jua bila ya kizuizi, na ua ni jambo la kawaida katika nyumba zetu. Hivyo basi, wanaume wanaojenga nyumba wakumbuke kuacha ua wenye stara na mwanga; hiyo ni haki ya mke na watoto. Na walimu wenzetu wa madrasa, hasa za bweni, tusiwaweke watoto ndani tangu asubuhi hadi jioni. Wapate muda wa kutoka nje, kutembea na kucheza.

VITAMINI C, MALIMAU NA KORONA

Tunakumbuka mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa nchini alitangazwa mwezi Machi mwaka huo, na haukupita muda malimau, tangawizi na vitunguu saumu vikawa bidhaa adimu, na nyungu zikapigwa kila mtaa. Hatuwadhihaki waliofanya hivyo. Mtu aliye katika hofu hushika alichonacho. Lakini hofu ikiondoka, elimu inapaswa kushika nafasi yake.

Kuhusu vitamini C, majaribio mengi yaliyokusanywa na kuchambuliwa hadi mwaka 2013 yameonesha kuwa mtu wa kawaida anayeinywa kila siku hapungukiwi na idadi ya mafua. Akiugua, siku zake hupungua kwa kiasi kidogo, chini ya moja ya kumi kwa mtu mzima. Anayeanza kuinywa baada ya kuugua hakuonekana kupata faida ya uhakika. Waliofaidika zaidi ni watu wenye kazi nzito mno za mwili, kama wakimbiaji wa masafa marefu na askari walio mazoezini katika baridi kali.

Kuhusu korona, mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya majaribio mawili makubwa. Uingereza walishiriki watu wazima zaidi ya 6,000 na vitamini D. Norway walishiriki watu wapatao 34,000 na mafuta ya ini la samaki. Katika majaribio yote mawili, waliopewa hawakuepushwa na korona wala na maradhi mengine ya njia ya hewa zaidi ya wasiopewa.

MTUNGI ULIOJAA

Sasa msikilizaji atauliza: inakuwaje vitamini iokoe Mvumi na isiokoe Norway? Jawabu ni moja, na mwenye kulishika amelishika somo lote. Vitamini humfaa aliyepungukiwa. Mtungi mkavu ukitiwa maji, watu wa nyumba watakunywa. Mtungi uliokwisha kujaa ukizidishiwa, maji yatamwagika sakafuni. Watoto wa Mvumi walikuwa mitungi mikavu. Watu wengi wa Norway mitungi yao ilikuwa imejaa.

Na tena si kila ziada humwagika bila ya madhara. Vitamini C ikizidi, sehemu kubwa hutoka kwa njia ya mkojo. Lakini vitamini A na D huhifadhiwa mwilini, zikizidi hugeuka sumu. Mwanamke mjamzito akitumia vitamini A nyingi ya vidonge anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito asinywe vidonge vya vitamini A kwa kuambiwa na muuzaji, aulize kliniki.

Je, sisi wa Simiyu tuko upande gani wa mtungi? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionesha kuwa takriban theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa vitamini A. Basi hatuna haki ya kusema jambo hili halituhusu.

CHAKULA CHETU NA AKIBA YETU

Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kutokana na Shinyanga, ni mkoa wa pamba, ng'ombe, mahindi na viazi. Allah (S.W.) ameujaalia neema nyingi, na tatizo ni namna tunavyozigawa. Ugali wa mahindi meupe hauna vitamini A. Muhogo mweupe hauna. Michembe na matobolwa ya viazi vyeupe hushibisha, lakini katika hesabu ya vitamini A hayatoi kitu cha maana. Mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa uji mtupu na ugali kwa mchuzi usio na mboga, ameshiba na hali ana njaa.

Akiba yenyewe inapatikana wapi? Kwanza ni ziwa la mama. Qur'an imetaja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha, na katika miaka hiyo maziwa ya mama ni chanzo muhimu cha vitamini A kwa mtoto, mradi mama mwenyewe anakula vizuri. Baba anayekula nyama na ini akamwachia mke anayenyonyesha mchuzi, amemnyima mwanawe bila ya kujua.

Pili ni ini, mayai, maziwa yasiyoondolewa mafuta na samli. Nyumba nyingi zina kuku, lakini mayai yote huenda mnadani. Hatusemi msiuze, tunasema mtoto atengewe lake kwanza. Tatu ni mboga za kijani: mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, pamoja na maembe, mapapai na maboga ya njano. Mboga hizi zipikwe kwa mafuta kidogo au karanga, kwa sababu vitamini A haichukuliwi vyema na mwili pasipo mafuta. Mnaozikausha kwa ajili ya kiangazi, zikausheni kivulini, kwani jua kali huharibu sehemu kubwa ya faida yake.

Nne ni viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ndiyo alama ya kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Sisi ni watu wa viazi tangu mababu. Hatuombwi kubadili chakula, tunaombwa kubadili mbegu katika tuta moja au mawili. Tano ni mafuta ya kula. Kanuni za nchi za mwaka 2011 zinataka mafuta ya viwandani yaongezwe vitamini A. Mafuta ya mbegu za pamba yanayokamuliwa mitaani hayawezi kudhaniwa kuwa nayo. Wafanyabiashara Waislamu wenye mashine za kukamua walizingatie hili.

CHANJO, MATONE NA DALILI ZA HATARI

Mtume (S.A.W.) ametufundisha tutafute tiba, na ametufundisha kufunga ngamia kwanza kisha ndipo tutawakali. Katika suala la surua, kamba ya kufungia ngamia ni chanjo. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, na dozi ya pili akiwa na miezi 18. Dozi ya pili imeingizwa katika utaratibu wa nchi yetu tangu mwaka 2014. Vitamini A humsaidia aliyekwisha kuugua asife. Chanjo humfanya asiugue. Mwenye kuyaweka mambo haya mawili kama mahasimu amekosea. Ni ndugu wawili wanaolinda mlango mmoja.

Pamoja na chanjo, watoto wa miezi 6 hadi miezi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Huo ni mtungi unaojazwa bila ya malipo. Mwezi Juni wengi wetu tuko katika mavuno ya pamba, na mtoto husahauliwa. Tunapendekeza kila msikiti utangaze siku hizo baada ya swala ya Ijumaa, na kila madrasa iwakumbushe wazazi kwa barua.

Mwisho wa sehemu hii, tuzijue dalili ambazo hazisubiri. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au mwenye mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea hazinduki vizuri. Huyo apelekwe kituo cha afya wakati huo huo, iwe usiku au mchana. Kisomo tumsomee njiani, na dua tumuombee tukiwa tumempakata. Wala mtoto mwenye surua asitiwe majani au dawa za kienyeji machoni. Watabibu wa macho hapa Tanzania wameona watoto waliopofuka kwa sababu hiyo.

BIASHARA MILANGONI MWA MISIKITI

Hatuwezi kumaliza bila ya kuligusa hili. Hapa na pale vinauzwa unga, mafuta na vidonge milangoni mwa misikiti, na muuzaji hudai kuwa vinatibu pumu, surua, kifua kikuu na korona. Baadhi yao hulitumia jina la Mtume (S.A.W.) kuipa bidhaa uzito. Habbat sauda na asali vina heshima yake katika Sunna, nasi hatuipunguzi. Lakini Sunna haikumruhusu mtu kumwambia mgonjwa aache dawa za hospitali, wala kuuza kwa kuficha asichokijua. Mfanyabiashara anayesema uwongo kuhusu uzito wa kilo ya mchele amedhulumu shilingi. Anayesema uwongo kuhusu dawa amedhulumu roho.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za misikiti zisimruhusu mtu kuuza tiba katika viwanja vya misikiti isipokuwa bidhaa yake ina kibali cha mamlaka husika, na asiachiwe kutangaza tiba ya maradhi ambayo hakuyathibitisha. Na muumini anayeuziwa aulize maswali matatu: Waliopewa ni wangapi? Wasiopewa walikuwa wangapi? Matokeo ya makundi yote mawili yalikuwaje? Akikosa jawabu, arudishe fedha yake mfukoni akanunue mayai.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, ndugu zetu: vitamini A ni haki ya kila mtoto mwenye surua na ni akiba ya kila mtoto mzima. Haitibu nimonia ya kawaida. Vitamini D ipo katika jua letu. Vitamini C tuipate katika mapera, machungwa na ubuyu, bila ya kuipa sifa isiyo yake. Chanjo inatangulia yote hayo, na dalili za hatari hazina mbadala wa hospitali.

Tuondoke hapa kila mmoja akiwa na kazi moja. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano afungue kadi yake ya kliniki leo usiku, aangalie kama chanjo zote mbili za surua zimeandikwa na kama matone ya mwisho ya vitamini A alipewa lini. Asiyejua kusoma amwombe kijana wa madrasa amsomee, ni sadaka.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awakuze watoto wetu katika afya na twaa, na atupe elimu yenye manufaa na moyo wa kuifanyia kazi. Amin.